Kupasha Joto Mimea na Polima kwa Mawimbi ya Maikrowevu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa kemia na uhandisi, wazalishaji wa mafuta ya viungo, maseremala na wenye viwanda vidogo ambao wameisikia teknolojia hii na wanataka kujua inafaa wapi na haifai wapi. Mbao, majani, nyuzi za katani, na polima (vitu vyenye molekuli za minyororo mirefu) kama mpira na plastiki ni vitu vinavyopitisha joto polepole mno, na faida kubwa ya mawimbi haya ni kuzalisha joto ndani ya kitu chenyewe badala ya kusubiri lipenye kutoka juu. Pale ambapo tatizo si hilo, mara nyingi ipo njia nyingine iliyo rahisi na nafuu zaidi.

Mawimbi ya maikrowevu hupashaje kitu joto?

Haya ni mawimbi ya sumakuumeme ya jamii moja na yale ya redio na simu. Oveni za nyumbani hutumia masafa ya megahezi 2,450, ambayo urefu wa wimbi lake ni takribani sentimita 12. Uga wa umeme ulio ndani ya wimbi hilo hugeuka mwelekeo karibu mara bilioni 5 kwa sekunde. Molekuli ya maji ina upande wenye chaji hasi na upande wenye chaji chanya, kwa hiyo hujaribu kugeuka kila uga unapogeuka, lakini hushindwa kwenda nao sawasawa kwa kuwa imesongwa na jirani zake. Nishati inayopotea katika kuchelewa huko ndiyo inayokuwa joto. Njia ya pili ni ya chumvi zilizoyeyuka: chembe zake zenye chaji husukumwa huku na huku na kugongana na nyingine, na ndiyo maana maji ya chumvi na utomvu wa mimea hupata joto haraka.

Ni kweli kwamba masafa ya megahezi 2,450 yalichaguliwa kwa kuwa ndiyo yanayolingana na molekuli ya maji?

Si kweli, ingawa dai hilo limekaririwa hata madarasani. Maji hunyonya kwa nguvu zaidi karibu na megahezi 20,000, na kama oveni zingetumia masafa hayo, nishati yote ingeishia kwenye tabaka jembamba la juu. Megahezi 2,450 ni miongoni mwa masafa yaliyotengwa kimataifa kwa matumizi ya viwanda, sayansi na tiba ili yasiingiliane na mawasiliano. Mitambo mikubwa ya viwandani hutumia pia megahezi 915 katika nchi za Amerika na 896 nchini Uingereza, kwa kuwa wimbi refu zaidi hupenya ndani zaidi.

Nani aliyeanza?

Kifaa kinachozalisha mawimbi hayo, magnetroni, kilipata umbo lake lenye nguvu mwezi Februari 1940 mikononi mwa John Randall na Harry Boot katika Chuo Kikuu cha Birmingham, kwa ajili ya rada za vita. Mwaka 1945 Percy Spencer wa kampuni ya Raytheon nchini Marekani aliomba hataza ya kupikia kwa mawimbi hayo. Wanakemia walichelewa: ripoti za kwanza za kuharakisha usanisi wa kemikali za kikaboni kwa oveni za jikoni zilitolewa mwaka 1986 na vikundi viwili, cha Richard Gedye nchini Kanada na cha Raymond Giguere na George Majetich nchini Marekani. Mwaka huohuo watafiti wa Hungaria wakiongozwa na Ganzler walichapisha matokeo ya kutoa viambato kutoka kwenye mimea kwa njia hiyohiyo.

Kwa nini vitu vitokanavyo na mimea vinafaa kwa upashaji joto wa namna hii?

Ukiweka ubao kwenye tanuri, ngozi yake hupata joto kwanza, na ili kitovu kifike sentigredi 100 ni lazima ngozi hiyo ikae kwenye joto kubwa zaidi kwa muda mrefu. Chuma hupitisha joto mara mamia kuliko mbao kavu. Mawimbi, kwa upande wake, hufuata maji yaliyomo ndani ya chembehai, huyapasha papo hapo, na mvuke unaotokea husukuma kutoka ndani kwenda nje. Msukumo huo ukiongozwa vizuri hupasua kuta nyembamba za chembehai na kuyaachia mafuta, rangi au pektini. Ukiachwa ovyo hupasua ubao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Melbourne, Torgovnikov na Vinden, waliugeuza upasukaji huo kuwa manufaa: walitumia nguvu kubwa kufungua njia ndogondogo ndani ya mbao ngumu ili zikauke haraka na ziweze kufyonza dawa za kuhifadhi.

Mimea mikavu ni habari nyingine. Selulosi, hemiselulosi na lignini, ambazo ndizo zinazojenga kuta za chembehai za mmea, zenyewe hunyonya mawimbi kwa kiasi kidogo tu, kwa hiyo kadiri kitu kinavyokauka ndivyo kinavyopunguza kasi ya kupata joto. Hiyo ni baraka wakati wa kukausha, kwa sababu sehemu iliyobaki mbichi ndiyo inayopata nishati zaidi, lakini ni kikwazo kwa anayetaka kufika sentigredi 400.

Je, polima zote hupata joto ndani ya maikrowevu?

Hapana, na kosa la kudhani hivyo huwagharimu wengi. Polithini, polipropilini, polistirini na Teflon hazina upande wenye chaji ulio dhahiri katika molekuli zao, kwa hiyo mawimbi huzipita kama mwanga unavyopita kwenye kioo. Hiyo ndiyo sababu vyombo vya maabara hutengenezwa kwa Teflon na vya chakula kwa polipropilini. PVC, nailoni, poliuretani na epoksi ambayo bado haijakauka hunyonya kwa viwango mbalimbali, na kwa kawaida unyonyaji huongezeka zinapolainika.

Polima isiyonyonya inaweza kupewa msaidizi. Mfano ulioota mizizi viwandani ni wa vipande virefu vya mpira vinavyoziba milango na madirisha ya magari. Mpira wa aina ya EPDM hauna ncha za chaji, lakini huchanganywa na masizi ili uwe imara, na masizi hayohayo hunyonya mawimbi vizuri sana. Mpira hutoka kwenye mashine ya kusukuma, hupita kwenye handaki la maikrowevu na kupandishwa joto hadi karibu sentigredi 200 kwa muda mfupi, kisha huingia kwenye handaki la hewa moto ambako huendelea kuivishwa na salfa. Kwa hewa moto pekee, ngozi ya nje huiva na kukakamaa huku ndani pangali pabichi. Mpira mweupe wa EPDM usio na masizi ukipitishwa kwenye handaki lilelile hautaiva.

Tahadhari moja kwa wanaotengeneza vitu vya resini na nyuzi: nyuzi za kaboni hupitisha umeme, hurudisha mawimbi na hutoa cheche kwenye ncha zake. Nyuzi za katani hazina tabia hiyo, ila hubeba unyevunyevu kutoka hewani, na unyevu huo ukigeuka mvuke ndani ya resini huacha mapovu. Zikaushwe kwanza.

Kuna bidhaa halisi ambayo mmea na polima hupashwa joto pamoja?

Ipo, na kwa maoni yangu ndiyo mfano mzuri kuliko yote. Kampuni ya MacMillan Bloedel ya Kanada ilibuni boriti iitwayo Parallam, ambayo iliingia sokoni katika miaka ya 1980. Magogo humenywa kuwa maganda membamba ya mbao yenye unene wa takribani milimita 3, maganda hukatwa vipande virefu, hukaushwa, hupakwa gundi ya fenoli na fomaldehaidi, hulazwa yakielekea upande mmoja, kisha hubanwa kwenye mashine inayotembea mfululizo huku yakipigwa mawimbi ya maikrowevu.

Kwa nini wasitumie sahani za moto kama zile za viwanda vya plaiwudi? Kwa sababu plaiwudi ni nyembamba. Bonge la mbao lenye unene wa sentimita 20 au 30 lingehitaji saa nyingi kabla ya gundi ya katikati kuiva, na kwa muda huo uso wake ungekwisha kuharibika. Mawimbi huipasha gundi ya katikati na ya pembeni karibu kwa wakati mmoja, jambo linaloruhusu kuzalisha boriti nene na ndefu kutokana na maganda ambayo pengine yangetupwa.

Mafuta ya viungo yanaweza kutolewa kwa njia hii?

Ndiyo, na jirani zetu wa Bahari ya Hindi wametangulia. Mwaka 2004 Lucchesi, Chemat na Smadja wa Chuo Kikuu cha Réunion walichapisha njia ya kutoa mafuta bila kuongeza maji wala kiyeyushi: majani mabichi ya mrehani, mnanaa na aina ya zaatari yaliwekwa ndani ya maikrowevu, maji yaliyomo majanini yakageuka mvuke na kubeba mafuta hadi kwenye kipozeo. Kazi iliyochukua saa 4 na nusu kwa kuchemsha majini ilikwisha kwa dakika 30.

Msomaji wa Unguja au Pemba atauliza mara moja kuhusu karafuu na makonyo, yaani vikonyo vyake, kwa kuwa Pemba ina kiwanda chake cha makonyo pale Wawi. Yapo mambo matatu ya kufikiria kabla ya kushawishika. La kwanza, karafuu kavu na makonyo makavu hayana maji ya kutosha, hivyo ni lazima yalowekwe kabla ya kupashwa. La pili, sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni yujenoli, na mafuta hayo ni mazito kuliko maji. Huzama, tofauti na ya mchaichai au mrehani yanayoelea, na chombo cha kupokelea kilichoundwa kwa mafuta mepesi kitayarudisha mtungini pamoja na maji. La tatu ndilo zito zaidi: mtungi wa mvuke huweza kumeza mamia ya kilo kwa mkupuo mmoja na kuchochewa kwa kuni au kwa masalia yaleyale ya mmea, wakati maikrowevu huhitaji umeme kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kwa maabara ya kupima ubora wa mazao, au kwa mafuta ghali yanayoharibiwa na kuchemshwa muda mrefu, hesabu inaweza kukubali. Kwa makonyo ya bei ya chini nina shaka.

Viyeyushi vyote hupata joto sawa?

Vinatofautiana sana. Kipimo kinachotumika ni uwiano wa nishati inayopotea kuwa joto na ile inayohifadhiwa na kurudishwa. Katika megahezi 2,450 kwenye joto la kawaida la chumba, glikoli ya ethilini ina takribani 1.35, ethanoli 0.94, maji 0.12, tolueni 0.04 na heksani 0.02. Heksani ikiwa peke yake haipati joto la maana. Lakini ukiitumia pamoja na majani mabichi, maji ya ndani ya majani hupata joto huku heksani ikibaki baridi, hivyo mafuta hutoka kwenye chembehai na kuingia mahali palipo na ubaridi.

Tofauti hiyo ndiyo inayosaidia pia katika kuvunja chupa za PET, plastiki ya chupa za maji na soda. Vipande vya chupa vyenyewe hunyonya kidogo, ila vikiwekwa ndani ya glikoli ya ethilini pamoja na kichocheo kama asetati ya zinki, glikoli hupanda joto upesi hadi karibu sentigredi 190 na minyororo ya polima hukatika kuwa malighafi inayoweza kutengenezwa PET upya.

Je, mawimbi yana nguvu nyingine ya ajabu zaidi ya joto?

Kwa miaka mingi baada ya 1986 jambo hili lilizua ubishi mkali. Nishati ya chembe moja ya wimbi la megahezi 2,450 ni takribani elektroni-volti 0.00001, wakati kukata kifungo cha kemia huhitaji elektroni-volti kadhaa, kwa hiyo mawimbi hayakati vifungo moja kwa moja. Mwaka 2009 kikundi cha Oliver Kappe katika Chuo Kikuu cha Graz, Austria, kilifanya jaribio la werevu: walirudia athari mbalimbali za kemia ndani ya vyombo vya silikoni kabaidi, ambavyo hunyonya mawimbi na kuyazuia yasifike ndani lakini hupata joto kwa kasi ileile. Matokeo yalikuwa sawa kwa kweli na ya vyombo vya kioo. Yaani kinachoharakisha kazi ni joto lenyewe, kasi ya kupanda kwake na mahali linapozaliwa. Anayesoma tangazo la mashine linalodai zaidi ya hapo aombe vipimo vya joto kwanza.

Kwa nini sampuli yangu huungua sehemu moja na kubaki mbichi sehemu nyingine?

Ndani ya sanduku la chuma mawimbi hurudishana na kujenga sehemu zenye uga mkali na sehemu zilizopoa, zikiachana kwa takribani sentimita 6, ambayo ni nusu ya urefu wa wimbi. Sahani inayozunguka na feni ya kutawanya mawimbi hupunguza tatizo bila kulimaliza. Lakini lipo jingine baya zaidi. Sehemu ya mmea ikianza kuwa mkaa, mkaa huo hunyonya zaidi ya jirani zake, hupata joto zaidi, huzalisha mkaa zaidi, na ndani ya sekunde chache moto umetoka mkononi mwako. Polima nyingi hufanya hivyohivyo zinapoanza kulainika. Dawa yake ni nguvu ndogo kwa muda mrefu zaidi, vipindi vya kupumzisha ili joto lisambae, na kuikoroga au kuisogeza malighafi bila kuchoka.

Nipimeje joto?

Usitumie themokapo ya kawaida, yaani kipima joto cha waya mbili za metali, kwani waya wake wa chuma huvuruga uga na huweza kutoa cheche. Kipima joto cha mwanga wa infraredi huona uso tu, nawe unajua sasa kwamba ndani huenda pana joto kuliko juu. Kipimo cha kuaminika ni cha uzi wa kioo unaobeba mwanga, ingawa ni ghali na huvunjika upesi.

Kukausha mazao kwa maikrowevu hugharimu umeme kiasi gani?

Tufanye hesabu. Kupasha na kuvukiza kilo 1 ya maji huhitaji takribani uniti 0.7 za umeme. Magnetroni ya megahezi 2,450 hugeuza kuwa mawimbi karibu asilimia 65 ya umeme unaoingia, kwa hiyo kila kilo ya maji hula uniti 1 na ziada kidogo. Chukua kilo 100 za majani mabichi yenye unyevu wa asilimia 80. Kuyafikisha asilimia 10 ni kuondoa karibu kilo 78 za maji, ambazo ni zaidi ya uniti 80. Sasa yaanike kivulini au kwenye kikaushio cha jua mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 25, ndipo uyaingize kwenye maikrowevu: yamebaki maji yasiyofika kilo 5, na uniti 5 hivi zinatosha. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayochukua muda mrefu zaidi juani, na ndiyo inayokaribisha kuvu mvua zikinyesha. Jua lifanye kazi kubwa, mawimbi yamalizie.

Kwa matunda na mimea ya dawa isiyostahimili joto, mashine huunganishwa na pampu ya kutoa hewa. Kanieneo ikishuka hadi takribani kilopaskali 7, maji huchemka kwenye sentigredi 40 tu.

Na kutengeneza mkaa?

Inawezekana. Mabaki makavu huchanganywa na mkaa kidogo wa kunyonya mawimbi, kisha hupashwa bila oksijeni mpaka yatoe mkaa, mafuta na gesi. Kwa anayetaka mkaa wa kupikia tu, tanuri lililojengwa vizuri hujipatia joto kutokana na malighafi yenyewe, na kununua umeme kwa kazi hiyo ni hasara.

Naweza kuanza majaribio kwa oveni ya jikoni?

Kwa maji na majani tu, ndiyo, nayo isitumike tena kwa chakula. Kwa ethanoli, heksani au kiyeyushi chochote kinachoshika moto, hapana kabisa: oveni ya jikoni ina swichi na mota zinazoweza kutoa cheche, haina njia ya kuondoa mvuke wala ya kupima joto na kanieneo. Usifunge chombo chochote kwa kubana. Usiiwashe ikiwa tupu. Wala usiifungue kwa nyuma ili kutoboa tundu la bomba, kwa sababu kapasita yake huhifadhi volti maelfu hata baada ya kuchomoa plagi, na kauri ya baadhi ya magnetroni ina oksidi ya beriliamu ambayo vumbi lake ni sumu ya mapafu.

Mawimbi hubaki ndani ya bidhaa?

Hayabaki. Swichi ikizimwa hutoweka, kama mwanga wa taa. Hatari iko kwenye uvujaji wakati mashine inafanya kazi, na kanuni za Marekani huruhusu oveni ya nyumbani ivujishe miliwati zisizozidi 5 kwa sentimita ya mraba, zikipimwa umbali wa sentimita 5. Viungo vinavyodhurika upesi ni macho na korodani, kwa kuwa damu haizipozi vya kutosha.

Tunatengeneza paleti za mbao za kusafirishia bidhaa nje. Njia hii inakubalika?

Inakubalika. Kanuni ya kimataifa ya ISPM 15, inayodhibiti wadudu wanaosafiri ndani ya mbao za vifungashio, inaruhusu upashaji joto kwa maikrowevu iwapo mbao yote, pamoja na uso wake, imefika sentigredi 60 na kudumu hapo dakika 1 mfululizo. Kwa tanuri la kawaida, sharti ni sentigredi 56 katika kitovu kwa dakika 30. Upande mwembamba wa mbao usizidi sentimita 20, na joto linalotakiwa lifikiwe ndani ya dakika 30 tangu kuanza. Kwa kawaida uso, ambao hupozwa na hewa, ndio unaochelewa, kwa hiyo vipimo viwekwe huko pia. Mhuri wa paleti iliyotibiwa hivi hubeba herufi DH mahali ambapo ya tanuri hubeba HT, na mamlaka ya afya ya mimea ya nchi yako ndiyo inayoidhinisha mtambo kabla ya mhuri huo kupigwa.